Mavyaa Wangu na Wageni wa Meli

Mume wangu alipoikodisha sakafu ya juu ya nyumba yetu, mimi ndiye niliyepelekwa kumwambia mama yake. Yeye mwenyewe alivaa kanzu, akatia kofia, akasema anawahi sala, na sala yenyewe ilikuwa bado sana. Nikabaki peke yangu mbele ya mlango wa chumba cha mavyaa wangu nikitafuta neno la kuanzia.

Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alikuwa amekaa mkekani akichambua asumini za kufungia vikuba vya kubandika kifuani. Nikamwambia kwamba kuna Mgoa mmoja, mtu wa heshima zake, anataka kufungua mahali pa burudani kwa abiria wanaoshuka kutoka melini. Atapanga meza, kutakuwa na chai na muziki. Wageni watapanda alasiri, na ikifika saa ya kurudi chomboni watashuka waende zao. Nikamwambia pia kwamba mikarafuu ya shamba inazidi kufa, ingawa hilo alilijua kabla yangu.

"Mahali gani?" aliuliza.

"Juu sakafuni, mama."

Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, lililofumbuka upande huu, lisilofumbuka upande ule.

"Na sisi tutakwenda kupunga upepo wapi?"

Mume wangu hakuwa amenipa jawabu la swali hilo. Nikasema labda siku zisizo na meli tutaweza kupanda kama kawaida. Akasema, "Inshallah," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuelewa.

Mtu asiyepata kukaa katika nyumba za mawe za Shangani miaka ile hawezi kujua sakafu ya juu ilikuwa nini kwa wanawake wa nyumba. Nyumba yetu ilikuwa ndefu na nyembamba. Chini kulikuwa na daka la kupokelea wageni wanaume na maghala mawili ambayo tayari tulikuwa tumewakodisha wafanyabiashara wa Kihindi. Katikati tulikaa sisi, vyumba virefu vyenye madirisha yanayotazama uchochoro na ukuta wa jirani. Juu kabisa hakukuwa na bati wala makuti, ilikuwa ni sakafu bapa ya chokaa yenye ukingo wa kufika kifuani wenye matundu mapana ya kutazamia. Huko ndiko tulikoanika nguo na ndimu za achari, tukasukana nywele, tukazungumza na majirani wa sakafu za nyumba nyingine bila ya kuvaa buibui. Mwezi wa Ramadhani tuliutafuta tukiwa huko. Mavyaa aliletwa katika nyumba ile akiwa mwari, na tangu siku hiyo safari zake zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, harusi na misiba. Lakini kila siku baada ya sala ya alasiri alipanda ngazi, akatandika mkeka wake pembeni upande wa kaskazini, akakaa mpaka adhana ya magharibi. Kutoka pale aliona bandari yote na ile minazi ya njia ya Bububu, lilikokuwa shamba letu.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu watoto wetu wamesikia habari hii nusu nusu na wengine wamemhukumu. Alikuwa amezaliwa katika neema, na neema ile ikawa inamponyoka mkononi bila ya yeye kujua afanye nini. Baba yake hakumfundisha kazi yoyote isipokuwa kumiliki. Mgoa alipokuja na ombi lake, mume wangu alikaa siku nyingi akilizungusha kichwani, kisha akalikubali kwa masharti. Ulevi usiuzwe katika nyumba yake. Muziki unyamaze wakati wa adhana. Na kwa kuwa ngazi ilikuwa moja tu, itundikwe kengele dakani, ipigwe kabla ya wageni kupanda, ili wanawake wa nyumba wajistiri nyuma ya pazia.

Mgoa aliyakubali yote. Alikuwa mwembamba, suti yake nyeupe daima imepigwa pasi, na zamani alikuwa mpiga kinanda katika meli za abiria mpaka akachoka na bahari. Masharti aliyatimiza kadiri alivyoweza. Ulevi hakuuza, ila baadhi ya wageni walikuja na vichupa vyao mifukoni na wakajitilia wenyewe ndani ya maji yao ya limau, na asubuhi mfagiaji akishuka na vichupa hivyo alivifunika kwa tambara asije mavyaa akaviona. Mavyaa aliviona siku ya kwanza.

Siku ya meli ya kwanza tulikaa sote ukumbini tukisikiliza. Kengele ililia, tukajifungia. Kisha viatu vikapanda, vya wanaume vizito na vya wanawake vyenye visigino, vikatupita ubavuni mwetu nyuma ya pazia pamoja na manukato tusiyoyajua. Vikafika juu. Tukasikia viti vikiburutwa juu ya vichwa vyetu. Mavyaa aliinua macho akayafuata yale mavumo kutoka ukuta mmoja hadi wa pili.

"Hao washafika kwangu," alisema. Alikuwa na maana ya ile pembe yake.

Siku za mwanzo alikereka. Alisema muziki wao hauna mwenyewe, kila chombo kinakwenda njia yake. Lakini masikio hayana mlango. Mgoa alikuwa na wenzake wawili, mmoja wa fidla na mmoja wa ngoma, na nyimbo zao zilikuwa zile zile kila meli. Haukupita muda mrefu nikamsikia mavyaa akipeta mchele huku akiimba puani wimbo mmoja wa dansi, ule unaozunguka na kurudi pale pale. Nilipomtazama alinyamaza.

"Unantazama nini?"

"Nimesikia sauti nzuri, mama."

"Ni Mgoa wako huyo. Kanitia maradhi." Akacheka, na mimi nikacheka.

Siku zisizo na meli tulipanda, lakini haikuwa kama zamani. Meza zilikuwa zimejaa kila mahali, vyungu vya maua vimezuia kamba za nguo, na chokaa ilikuwa na madoa. Zaidi ya hayo, majirani wa sakafu za pili walikwisha kuacha kutokeza, kwa kuwa hawakuweza kujua ni siku gani watawakuta wanawake wenzao na siku gani watawakuta wanaume wa Kizungu wanawatazama. Mavyaa alipanda mara chache, akaita jina la jirani yake mmoja bila ya kujibiwa, kisha akaacha.

Ukaja msimu wa joto. Kaskazi mwaka ule ilikuwa na ukavu, upepo ukipita juu juu bila ya kushuka uchochoroni kwetu. Mavyaa alikuwa na maradhi ya kifua. Alikaa dirishani na kipepeo cha ukili, akijipepea mpaka mkono ukamchoka, nami nikimpokea. Alasiri moja ya namna hiyo, kengele ilikuwa imekwisha kulia na wageni wamekwisha kupanda, alisimama akaenda kwenye kasha lake. Alitoa barakoa yake ya kufunikia uso, ya hariri yenye nakshi za dhahabu. Kizazi chake ndicho cha mwisho kuvaa vitu vile, na yeye mwenyewe alikuwa hajaivaa tangu harusi yangu.

"Nifunge nyuma," aliniambia.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nnakwenda juu."

"Leo kuna meli."

"Nshasikia. Mimi si kiziwi."

Nilisimama na ile kamba ya barakoa mkononi. Mume wangu alikuwa shamba. Nikamfunga, nikavaa buibui langu, nikamfuata ngazini, yeye akipanda na kupumzika, akipanda na kupumzika, mkono mmoja ukutani.

Tulipotokeza juu, muziki ulikatika. Sijui niseme nini kilichonishangaza kwanza. Taa za karatasi za rangi zilikuwa zimetundikwa kutoka ukingo hadi ukingo, bado hazijawashwa. Wanawake walikuwa mikono wazi. Mwanamume mmoja alikuwa amevua koti analipepea. Wote waligeuka wakatutazama. Pale pembeni, upande wa kaskazini, mume na mke walikuwa wamekaa kwenye meza ndogo. Mavyaa alisimama mbele yao akangoja.

Mgoa aliinuka kwenye kinanda. Nilidhani atatuomba tushuke. Badala yake aliwasemesha wale wawili maneno ya upole, wakahamia meza nyingine, kisha yeye mwenyewe akaivuta ile meza na kuleta kiti chenye mto.

"Karibu nyumbani kwako, Bi Mkubwa," alisema, akainamisha kichwa.

"Kiti sikitaki. Mkeka wangu uko wapi?"

Alikuwapo mhudumu mmoja, mtu mzima wa Makunduchi, aliyepata kufanya kazi jikoni katika meli na akajua Kiingereza. Yeye ndiye aliyeukuta mkeka nyuma ya makreti, akaukung'uta, akautandika.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Niletee na mimi hicho wanachokula wale."

Ilikuwa aiskrimu. Alikula kijiko kimoja chini ya barakoa, akatulia, akafumba macho. "Kinaunguza," alisema. Akala cha pili. Muziki ukaanza tena, na ulikuwa ule wimbo wake unaozunguka. Upepo ulikuwa ukivuma kweli kweli huko juu. Niliona kifua chake kikipanda na kushuka bila ya taabu.

Wageni waliacha kututazama, isipokuwa mmoja. Alikuwa mwanamke wa Kizungu mwenye mvi, peke yake mezani. Alikuja polepole, akaonyesha mkeka kana kwamba anaomba ruhusa. Mavyaa akasogea. Yule mama akavua viatu, akakaa chini, miguu yake ikimsumbua wapi pa kuiweka. Walikaa hivyo kwa muda wakitazama bandari. Kisha akaushika mkono wa mavyaa akatazama hina, na mavyaa akaushika wake akatazama pete. Mhudumu wa Makunduchi aliitwa akawa ulimi wao.

"Anauliza, Bi Mkubwa, una watoto wangapi?"

"Mwambie nilizaa wanne, Mungu akaniachia mmoja. Na huyu hapa ndiye aliyeninyang'anya huyo mmoja." Alinigonga goti.

Yule mama alicheka, kisha akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Mhudumu alikawia kuyatafsiri.

"Anasema yeye alikuwa nao wawili wa kiume. Wote walikufa vitani."

Mavyaa aligeuka akamtazama vizuri. Alivua kikuba chake cha asumini na mrehani kilichokuwa kifuani, akambandika yule mama kwenye nguo yake. "Mwambie pole," alisema. "Mwambie hapa ndipo nilipokuwa nikiwalilia wangu." Mimi nilikuwa nimeolewa miaka yote ile katika nyumba ile na jambo hilo sikulijua. Yule mama aliisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Alikishika kikuba kwa vidole viwili, na hawakuzungumza tena mpaka chombo cha kuwarudisha melini kilipopiga king'ora.

Mume wangu aliporudi nilimwambia yote. Nilikuwa na hofu. Akaniuliza, "Alifurahi?"

"Alifurahi."

"Basi," alisema. Nikamwona amepata faraja, kana kwamba mtu amemwondolea mzigo uliokuwa ukimwelemea tangu siku aliponituma mlangoni kwa mama yake.

Hivyo mavyaa akawa anapanda kila meli inapokuja. Kifua kikatulia, na usingizi wake ukawa mzuri. Mgoa alimwekea pembe yake, hakumkalisha mtu pale. Wageni walimsalimia, wengine kwa kuinamisha kichwa, wengine kwa kumpa mkono, naye akawapokea kama mtu anavyowapokea wageni wa nyumba yake. Aliwapa kahawa kutoka kwenye dele letu wenyewe. Wakimwomba kumpiga picha, wengine aliwakubalia na wengine aliwakatalia, na sikupata kuijua kanuni yake. Mara moja nilimuuliza. Akasema, "Huyu kaomba. Yule kaamrisha."

Natamani ningeweza kuiacha hadithi hapa.

Mume wangu alikuwa na baraza yake ya kahawa, karibu na Mkunazini, alikokaa na wenzake jioni baada ya sala. Miongoni mwao alikuwapo rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, mtu wa mzaha, anayependwa kwa ulimi wake. Jioni moja, mume wangu akiwa ameshika kikombe, huyo rafiki alimwambia mbele ya watu, "Sheikh, tumesikia sakafu umeikodisha pamoja na mwenyewe." Watu wakacheka. Mume wangu naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka barazani ndiye anayechekwa kesho. Alimaliza kahawa yake, akaaga, akaja nyumbani kwa njia ya pwani ili atembee kidogo.

Huko pwani, karibu na pale abiria wanaposhukia, akaukuta ubao. Mgoa alikuwa ameuchoresha bila ya kutuambia. Palichorwa meza, taa za rangi, na katikati bibi wa Kiarabu aliyevaa barakoa, dele mkononi. Mtu yeyote wa mjini aliyepita pale alijua ni nani, kwa kuwa barakoa kama ile zilikuwa zimebaki ngapi?

Alikuja moja kwa moja nyumbani akamfuata Mgoa. Mimi niliwasikia ngazini, sauti zao zikipanda.

"Mama yangu umemweka njiani!"

"Sheikh, sikuandika jina. Nilimchora kwa heshima. Wageni wanamuulizia wanaposhuka tu, wanasema, yuko wapi yule bibi…"

"Wanamuulizia! Mama yangu anaulizwa bandarini!"

Nadhani hapo ndipo Mgoa alipofahamu alichokifanya. Alikwenda mwenyewe, akaung'oa ubao kwa mikono yake, akaurudisha akaupasua mbele ya mume wangu dakani. Aliomba radhi, na radhi ile ilikuwa ya kweli. Lakini ubao ulipasuka tu. Kicheko cha barazani kilibaki.

Siku ya pili mume wangu aliingia chumbani kwa mama yake. Safari hii hakunituma.

"Mama, watu wanasema."

"Watu wanasema nini?"

"Wanasema nakukodisha."

"Na wewe wasemaje?"

Alisimama pale na umri wake wote kama mtoto aliyesahau aya mbele ya mwalimu. Mwishowe akasema, "Bora usipande tena, mama. Siku za meli."

Mavyaa alimtazama. Nilimuombea aseme hapana. Alikuwa na haki ya kusema hapana. Nyumba ilikuwa ya mumewe, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Lakini wanawake wa rika lake walifunzwa kwamba heshima ya mtoto wa kiume ni kama yai, anayelibeba ni mama.

"Ngazi ni yako," alisema.

Alinipa barakoa niirudishe kashani. Hakulia, hakununa. Alirudi dirishani kwake na kipepeo cha ukili.

Muziki uliendelea juu. Nilisema na mume wangu usiku ule na siku zilizofuata. Nilimwambia upepo ni dawa yake. Alinijibu, "Wewe hukuwapo barazani." Nilimwambia avunje mkataba basi, sakafu irudi kwetu. Akasema msimu ukimalizika. Kila nilipolianzisha alisema msimu ukimalizika, na mimi nikaamini tuna wakati.

Kifua cha mavyaa kilirudi. Mhudumu wa Makunduchi kila alipopita alisimama nyuma ya pazia akauliza, "Bi Mkubwa hajambo?" nami nikajibu, "Hajambo kidogo." Baadhi ya siku alituachia kibakuli cha aiskrimu juu ya ngazi. Mavyaa alikionja, akasema chini huku haina ladha.

Mwisho wa kaskazi, alasiri moja, mhudumu alibisha hodi, na sauti yake ilikuwa na haraka. Mume wangu alikuwapo, akatoka akasimama ngazini. Mimi na mavyaa tulikuwa ndani, mlango uko wazi nusu.

"Sheikh, yule mama wa Kizungu amerudi. Yule aliyekaa na Bi Mkubwa mkekani. Meli yake inarudi kwao. Amemletea zawadi. Anaomba amwone, hata kidogo, hapa hapa mlangoni."

Mavyaa aliinuka kwenye mto. Alipapasa kitandani akatafuta mtandio wake, akajifunika kichwa, akauweka sawa kwa mikono miwili. Alinitazama, macho yake yakiwa na mwanga ambao sikuuona siku nyingi.

Nilikiona kivuli cha mume wangu ukutani, hakitikisiki. Najua kwa nini alisita. Chini dakani siku ile walikuwapo watu, na mmoja wao alikuwa wa barazani kwake.

"Mwambie mama amelala," alisema.

Tukasikia mhudumu akipanda taratibu. Mavyaa alibaki vile vile, mtandio kichwani. Kisha akaniuliza, si kwa ukali, bali kama mtu anayeuliza jambo asilolijua kweli:

"Mimi nimelala?"

Nilimvua ule mtandio, nikamlaza. Zawadi iliachwa kwa mhudumu. Ilikuwa shali laini la sufu, lisilofaa joto letu, na ndani yake vimekunjwa vikonyo vilivyokauka vya kile kikuba.

Mavyaa alifariki mvua za masika zilipoanza. Aliumwa kwa siku chache, akaondoka alfajiri, mkono wake katika wa mwanawe. Mgoa hakuambiwa na mtu afanye nini. Siku ya maziko kulikuwa na meli bandarini, na abiria walikuja mpaka mlangoni, naye akawarudisha wote. Alisimama uchochoroni na suti yake nyeupe mvuani, kwa kuwa hakujua kama dini yetu inamruhusu kuingia. Mume wangu ndiye aliyetoka akamshika mkono, akamkalisha pamoja na waliofiwa.

Kwenye hitima alikuja pia yule rafiki wa mume wangu wa barazani. Alikaa karibu na mlango wa ndani, nami nilikuwa upande wa pili nikipakua halua, kwa hivyo niliyasikia maneno yake. Alimsifu marehemu, akasema hakuna wanawake tena kama wale. Kisha akasema, "Yale maneno yangu ya siku ile, sheikh, yalikuwa mzaha tu. Wallahi, nilisahau siku ile ile."

"Najua," mume wangu alijibu.

Mgoa aliondoka msimu uleule. Hakungoja kufukuzwa, wala mume wangu hakumfukuza. Walikaa dakani wakaagana kama ndugu. Alikwenda bara, nasikia alifungua hoteli ndogo Dar es Salaam. Sakafu ikarudi kwetu, tupu, na misumari ya taa za karatasi imebaki ukingoni. Nilifikiri wanawake watarudi. Nilitandika mkeka, nikawaita majirani. Mmoja alitokeza siku moja, akaniamkia kutoka mbali, akashuka. Mazoea ni kama mboga, yakikatwa wakati wa jua hayaoti tena. Watoto wangu wa kike hawakupapenda. Walitaka kwenda sinema na wenzao.

Jioni moja mume wangu alipanda. Sikupata kumwona huko juu tangu nilipoolewa, maana palikuwa mahali pa wanawake, na baadaye pakawa mahali pa wageni. Alitembea kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akaniuliza, "Alikuwa akikaa wapi hasa?"

Nilimwonyesha. Akakaa pale chini, juu ya chokaa, bila ya mkeka. Alitazama bandari, akatazama minazi. Sikukaa naye. Nilimsikia akisema, nafikiri kwa nafsi yake, "Kumbe shamba laonekana."

Hakuvunja urafiki na mtu yeyote wa barazani, ila aliacha kwenda. Kahawa alinywea nyumbani. Wakati mwingine, siku ya joto, alisimama ghafla chumbani akafungua madirisha yote, hata yale yanayotazama ukuta, na watoto wakimuuliza kuna nini alisema hewa nzito. Nyumba nayo haikukaa mikononi mwetu. Miaka ile ilipita, ikaja mingine yenye mambo yake makubwa, nasi tukahamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji, katika nyumba ya chini yenye uwa mdogo wa nyuma. Mume wangu alikufa huko. Mara nyingi nilitaka kumwambia kwamba mama yake hakumwekea kinyongo, na ni kweli hakumwekea. Lakini kila nilipokaribia kuligusa jambo lile alishika tasbihi yake, nami nikaliacha.